Uzinduzi wa Jumba la Katuni za Marehemu Shadrack

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Jumuiya, ambaye ni mimi. Waheshimiwa Makamu wangu wawili, mmoja yuko kazini na mwingine bado anatafuta pa kuegesha gari. Mheshimiwa Mchungaji, uliyetuachia ukumbi huu wa chini ya kanisa hapa North York hadi saa kumi kamili. Bwana Sultanali, uliyekuja kwa treni kutoka Mississauga ingawa hatukukualika. Mama Leokadia, mjane wa mwenzetu Shadrack. Mabibi na mabwana, na watoto mnaoelewa Kiswahili ila mnajibu Kiingereza: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtoto anauliza kwa Kiingereza kama imekwisha.)

Leo, Mei 2014, ninayo furaha isiyo na kifani kuzindua mchakato wa kuelekea kwenye fremuweki ya Jumba la Kumbukumbu la Vitabu vya Katuni.

Marehemu Shadrack alianza kukusanya katuni mwaka 1986, akifanya kazi ghalani kule Brampton, na kwa mujibu wa upembuzi yakinifu nilioufanya mwenyewe nikiwa kwenye foleni ya kahawa, kitabu alichokinunua kwa senti sabini na tano kilifika dola arobaini mwaka 2002, kikafika dola mia sita mwaka 2009 baada ya watu wa sinema kuwakumbuka mashujaa wavaa vinyago, na mwaka juzi kilikuwa dola elfu mbili na mia nne, ongezeko ambalo kwa sehemu kubwa limetokea katika kipindi cha uongozi wangu. (Makofi kutoka meza ya kamati.)

Mama Leokadia alitukabidhi maboksi manne siku ya arobaini ya msiba. Tulipoyakagua tulibaini upungufu mkubwa: vitabu mia sita na kumi na mbili, kila kimoja ndani ya mfuko wa plastiki na kadi ngumu mgongoni, lakini hakuna hata kimoja chenye muhuri! Nawauliza, ofisi gani ya kwetu ingepokea karatasi isiyo na muhuri? Basi Jumamosi nzima kamati ilivitoa kwenye mifuko, tukavigonga muhuri wa Jumuiya, wino wa bluu, nami nikaweka sahihi, kimoja kimoja, bila posho. (Bwana Sultanali anashika kichwa.)

"Mwenyekiti, mmegonga juu ya jalada?"

Mbele kabisa, Bwana Sultanali, usoni pa shujaa, ili uhalali uonekane.

"Mimi nimeuza katuni miaka thelathini. Ile ya elfu mbili na mia nne, sasa dola tano. Na hapo uniongezee sambusa." (Kicheko kirefu.)

Hayo ni marekebisho ya kawaida ya soko, na tutayafanyia tathmini shirikishi. Naona Mama Leokadia amesimama. Kwa ufupi, mama.

"Bei mimi siijui, Mwenyekiti. Naomba kimoja tu. Ndani kina tiketi ya basi, na nyuma yake Shadrack ameandika, 'Leo L. kanisubiri kituoni na chupa ya chai.' Ilikuwa theluji. Mwandiko wake naanza kuusahau, baba."

Ombi limepokelewa, mama, na litaundiwa kamati ndogo itakayoripoti kwa kamati kubwa, kwa kuzingatia visheni, misheni na likizo za wajumbe.

"Si umpe mama kitabu chake!" (Ni Dada Farhat, kutoka jikoni.) "Maboksi yenyewe yako wapi?"

Maboksi, Dada Farhat, yako katika matumizi ya kimkakati. Tusitoke nje ya ajenda. Nikisema "Katuni," mseme "Urithi!" Katuni! (Kimya.) Katuni! (Sauti mbili, zote za kamati: "Urithi!") Jumba letu! ("Chakula kinapoa!")

Kwa kumalizia, na hii ni mara ya mwisho kumalizia, nawashukuru wafadhili wetu, ambao tutaanza kuwatafuta; mchoraji wa ramani, ambaye hatujampata; na mwenye kiwanja, popote alipo, kwa kuwa mvumilivu kwa jambo ambalo hajaambiwa. Lakini zaidi ya wote namshukuru Mama Leokadia, maana ukumbi huu hauna jukwaa, kimo changu mnakifahamu, na bila maboksi yake manne, imara kabisa, leo msingeniona. Ahsanteni sana.

(Watu wote wanatazama viatu vya Mwenyekiti. Bwana Sultanali anampa mkono, naye anashuka. Kipaza sauti kinabaki juu ya kichwa chake, na lolote analoendelea kusema halisikiki. Mama Leokadia amekwisha kupiga magoti, anafuta alama ya soli kwa ncha ya khanga, anafungua boksi la kwanza.)