Koti la Umeme Barabara ya Namanga

Jumatatu, 26 Juni 2006

Nimefika Namanga saa mbili na dakika ishirini na tano. Nilitakiwa kabla ya saa mbili. Sababu ni vidole. Baridi ya uwanda huu haina adabu, inaingilia mikononi na kutokea kisogoni. Nilisimama mara tatu kukumbatia injini, mara ya tatu mbele ya basi la wanafunzi. Walinipungia mkono.

Niandike mambo yaeleweke, maana huenda siku moja nikasomwa. Mimi na Kisemei tunapeleka kwa pikipiki karatasi za mizigo za Abdishakur, wakala wa forodha hapa Kitengela, mpaka kwa karani wake wa mpakani. Siku moja mimi, siku moja yeye. Leo Abdishakur ametangaza kwamba mwisho wa wiki atabaki na mmoja tu, yule anayefika mapema. Alisema hivyo akimtazama Kisemei kwa upendo.

Kisemei hachelewi. Siri yake ninaijua: shuka mbili na magazeti ya jana kifuani. Mtu mzima, anatembea akichakarika kama gunia la maganda.

Jioni, kwenye mitumba, Mungu akanikumbuka. Koti jeusi, zito, lenye waya unaoning'inia kiunoni. Muuzaji alidhani ni kasoro, akanipunguzia. Mimi nilisoma lebo. Ni koti la waendesha pikipiki wa nchi za theluji, linapata joto kwa umeme. Mwisho wa waya kuna kichwa cha kuingia pale pa kuwashia sigara kwenye gari. Ninachokosa ni soketi tu.

Kisemei kwisha.

Jumanne, 27 Juni

Zamu ya Kisemei. Nimekwenda kwa Gichuru, fundi wa umeme wa magari. Nikaomba soketi tatu: ya koti, ya glavu, na ya akiba. Akauliza glavu ziko wapi. Nikamjibu kwamba mtu hupanga mapema.

Gichuru alizunguka pikipiki mara mbili. Akasema umeme inaotengeneza unatosha taa, honi na indiketa, na kinachobaki ni kidogo kama chumvi ya kuonja. Koti litameza zaidi ya hapo. Angeweka soketi moja, yenye fyuzi, kwa sharti kwamba nisiwashe koti taa ikiwa inawaka. Nilikubali. Yaani mdomo ulikubali.

Alipokwenda kula chakula cha mchana nilijiwekea ya pili mwenyewe, kwa waya wa redio kuukuu, nikaufunga kwa karatasi ya nailoni. Kazi safi. Sijui kwa nini watu husomea haya mambo.

Jumatano, 28 Juni

Raha. Sina neno lingine. Kutoka Kitengela mpaka Isinya nilikuwa kama mkate kwenye oveni. Kweli, taa ya mbele ilififia mpaka nikaona barabara kwa kukisia. Kweli pia kwamba kila nilipowasha indiketa koti lilipata baridi, joto, baridi, joto, kwa kufuatana nayo. Nikaacha kuwasha indiketa. Nani yuko barabarani saa kumi na moja alfajiri?

Namanga saa moja na dakika thelathini na tano! Karani ameandika kitabuni. Nilimwomba aandike kwa wino mwekundu, akakataa.

Jambo dogo: niliposhuka kwa madaha nilisahau kuchomoa waya. Nilipiga hatua mbili na pikipiki ikanifuata. Iliangukia meza ya mama mmoja anayeuza shanga. Tuliokota shanga pamoja, tukipiga magoti, mimi bado nimefungwa. Aliniuliza kama niliwekwa hiyo kamba nisitoroke.

Alhamisi, 29 Juni

Zamu ya Kisemei. Saa moja na nusu, wanasema. Dakika tano mbele yangu. Hainisumbui.

Mchana alikuja kuliona koti. Alilipapasa, akasema ni zuri sana, halafu akauliza, bila ubaya wowote, "Na likizima?"

Nilimwambia nina haraka.

Nilipojaribu kuliwasha nyumbani, fyuzi ikaungua. Nimeweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pake, inafanya kazi vizuri kuliko fyuzi kwa sababu haikatiki. Betri ya pikipiki nayo imechoka, honi inakohoa. Na kesho ndiyo siku yangu ya mwisho ya kupimwa.

Nimeangalia betri ya televisheni. Stima haijafika upande wetu, tunatazama kwa betri ya gari, na Priscilla, mke wangu, ameitoa kuchajiwa leo kwa ajili ya mpira wa Jumamosi. Imekaa pale chini ya meza, kubwa, imejaa, haina kazi mpaka kesho kutwa.

Umeme ni umeme.

Ijumaa, 30 Juni

Nitaandika haraka.

Nilifunga betri kwenye keria kwa mpira wa tairi na kuiunganisha na soketi yangu, ile ya pili, nikachomeka koti hapo. Priscilla alikuwa amefuata maziwa. Mpaka Ilbisil nilikuwa mfalme. Nilipita malori ya mafuta nikiimba.

Baada ya Ilbisil nilisikia harufu. Nailoni ilikuwa imekwanguka, waya umegusa chuma, na moshi ulikuwa unatoka kiunoni mwangu. Injini ikazima. Nikavuta zipu, haikushuka. Nikachukua chupa ya chai niliyofungiwa na Priscilla, nikajimwagia yote.

Kwa dakika moja hivi nilikuwa na joto kamili.

Halafu upepo ukavuma. Nimekaa kando ya barabara, nimelowa chai ya maziwa, bahasha ya Abdishakur mapajani, na jua halijatoka. Simu haina mtandao. Niliwaza jinsi nitakavyomwambia Priscilla kwamba kazi imekwenda. Nilitaka kulia. Labda ni moshi.

Saa moja kasoro ikaja pikipiki. Kisemei. Abdishakur alikuwa amekuta karatasi moja imebaki mezani, akamtuma anifuate.

"Sopa, Githongo," akanisalimu. "Ni wewe unanuka chai?"

"Ni mimi."

"Kuna shida?"

Nilimwambia nimeipumzisha injini. Alitazama nyaya, bado zinafuka.

"Imechoka kweli," akasema.

Hakuuliza tena. Aliikata zipu kwa kisu, akanivua koti, akanizungushia shuka moja. Halafu akatoa magazeti kifuani mwake na kunipanga nayo ndani ya shati, pole pole, kama mzazi anayemvalisha mtoto siku ya kwanza ya shule. Akachukua bahasha, akaondoka akiwa na shuka moja tu.

Nimerudi Kitengela juu ya lori la ng'ombe, mimi na pikipiki. Ng'ombe wana joto jingi. Niliona.

Jumamosi, 1 Julai

Betri niliirudisha jana kimya kimya, nikaipangusa vumbi. Sikuipeleka kuchajiwa kwa sababu ningeulizwa.

Majirani kumi na wanne walikuja kuona Uingereza na Ureno. Kipindi cha pili picha ikaanza kusinyaa. Muda wa nyongeza wachezaji walikuwa wafupi kama watoto wa nasari. Zilipofika penalti, mpigaji wa kwanza akaweka mpira chini, na televisheni ikabaki na nukta moja nyeupe katikati. Kisha giza.

Mtu akakumbuka kwamba kuna baa yenye jenereta. Nyumba ilibaki tupu kwa dakika moja. Wengine walikwenda na viti vyetu.

Priscilla alibaki. "Baba Wanja," akasema, "hii betri ilijaa Alhamisi. Ilienda wapi?"

Nikamweleza kwamba baridi huathiri betri.

Akaivuta kutoka chini ya meza. "Na hii mpira ya tairi, ni baridi ilifunga?"

Nilikuwa nimesahau kuufungua kwenye betri. Nimekula ugali nikitazama ukuta.

Jumapili, 2 Julai

Abdishakur alipiga simu baada ya kanisa. Nilisimama kuipokea. Alisema Kisemei ndiye aliyeshinda, hilo halina mjadala. Lakini Kisemei mwenyewe amemwomba aniachie siku zangu, kwa sababu msimu huu mtu mmoja akienda kila siku ataugua. Kuhusu Ijumaa, aliambiwa waya ulikatika. Basi. Hakuambiwa koti wala chai.

Nilimsimulia Priscilla.

Priscilla aliniambia niende nikashukuru. Nikaenda, na shuka iliyofuliwa na kilo ya sukari. Kisemei alikataa kushukuriwa. Alinifundisha kupanga magazeti: yanapishana kama mabati, mengi zaidi upande wa moyo. Tulikaa kitambo tukizungumza habari za mvua. Ni mtu mzuri. Niliamini hivyo mpaka karibu na nyumbani, ndipo nikaelewa kwamba ananiogopa.

Jioni Priscilla ameniapisha mbele ya Wanja, binti yetu: hakuna tena waya, betri wala soketi kwenye ile pikipiki zaidi ya ilivyotoka kiwandani. Nimeapa. Na nilimaanisha kila neno.

Jumatatu, 3 Julai

Zamu yangu, Jumamosi ilikuwa ya Kisemei. Gichuru alifunga nyaya mpya jana jioni. Magazeti kifuani. Namanga saa moja na dakika arubaini. Kifua kilikuwa na joto, lazima nikiri. Vidole tu ndivyo vilivyoganda.

Nilipokuwa nimechuchumaa nikivipasha kwenye bomba la moshi, nikaona kile ambacho hakuna aliyekiona. Joto lote hili, kutoka Kitengela mpaka Namanga, linamwagwa barabarani bure. Halina waya. Halina betri. Halina soketi. Kiapo kiko salama.

Nikirudi nilipitia kwa Gichuru, nikamwomba mita moja na nusu ya bomba la kutoa moshi wa moto kwenye ekzosi na kuupandisha ndani ya mkono wa koti. Aliweka spana chini. Akapangusa mikono. Akafunga duka, saa nane mchana, na kwenda zake bila kuaga.

Haidhuru. Mpira wa maji anaotumia Priscilla kumwagilia sukuma wiki una urefu unaofaa kabisa, na kesho anafundisha shuleni mpaka jioni.