Viazi vya Chini ya Kitanda

Jumatatu, 6 Novemba 1961

Mvua bado. Shamba langu la bondeni limekuwa ziwa. Leo nimechimba viazi vitamu vyote kabla havijaozea ardhini. Maji magotini, jembe halioni liendako. Nusu nimevikata mwenyewe. Vingine vimetobolewa na wadudu wa fukusi, vingine vyeusi, vingine ukivishika vinakumwagikia mkononi.

Jirani yangu Mwidani alisimama uani kwake akinitazama. Yeye alipanda juu mteremkoni, kwenye matuta. Viazi vyake vizima vyote! Akaniuliza, eti kwa upole, kama nakumbuka alivyonionya kuwa bondeni hapapandwi viazi. Nikamjibu kwamba matuta ni kazi ya watu wasio na la kufikiri. Akasema: haya. Namchukia sana anaposema haya.

Mke wangu Mwanatatu amevichambua mafungu matatu. Vilivyokatwa na jembe, akasema, tule kwanza: vimenywe, pabaya paondolewe, vichemshwe kwa tui la nazi, na matembele pembeni. Nyama twaiona Idi kwa Idi, na kwa bahari hii hakuna mvuvi atokaye. Vyenye fukusi, akasema, ni shubiri hata uvipike siku nzima. Vikafukiwe. Vizima ni vichache. Amevifunika kwa majivu ndani ya kikapu na kukisukuma chini ya kitanda.

Kisha akanitazama usoni. Akasema vya chini ya kitanda ni vya mtoto wetu Mwanasaumu, mpaka mvua ikome na kitu kingine kiote. Nikivigusa, atamchukua mtoto aende kwa kaka yake kule Mtongwe, na safari hii harudi kwa kubembelezwa.

Nani anavitaka vya chini ya kitanda? Mimi jicho langu liko kwa hivyo vya kufukiwa. Lundo zima! Litupwe! Mwanamke huyu hana macho ya biashara.

Jumanne, 7 Novemba

Nimepata!

Wahindi wa mjini, wengi wao hawali nyama. Sasa wanakula nini? Viazi! Nimemenya sehemu ya fungu la fukusi, nikachemsha, nikaponda, nikatia ndimu, kitunguu, bizari na pilipili za kutosha kuamsha maiti. Nikafinyanga kachori. Uchungu upo kidogo, lakini pilipili hufunika mengi. Mafuta ya nazi yamekwisha yote. Mwanatatu alipouliza mafuta yako wapi, nikamwambia yako kazini.

Jumatano, 8 Novemba

Nimevuka feri na kapu langu kichwani mpaka kwa Bwana Velji, mwenye duka la vitambaa. Mtu mpole. Nikamwambia chakula hiki hakina nyama wala samaki, wala hata yai halikupita karibu. Akanishukuru. Akasema lakini kwa dini yao hawali kitu kilichochimbwa ardhini, kwa kuwahurumia wadudu wanaokufa wakati wa kuchimba.

Nikamtuliza. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, wadudu wa viazi hivi walikuwa wamekwisha kufa zamani, wamo humo humo ndani.

Alinifungulia mlango mwenyewe nitoke.

Sokoni nako hakuna aliyenunua. Mmoja alionja akatema, akataka kunipiga. Nimerudi nimelowa chapachapa. Nilikula moja kwenye feri. Lo! Pilipili haikufunika kitu.

Laiti yangeishia hapo. Nilipokuwa naswali alasiri, Mwanasaumu aliliona kapu. Ana miaka minne na njaa yake. Alikula mpaka mama yake alipomkuta, akatapika hadi magharibi. Mimi nikasema labda ni homa ya tumbo, siku hizi imezagaa. Niliogopa, wallahi, niliogopa. Mtoto alinishika kidole akaniuliza kama kesho kutakuwa na viazi vya kweli.

Alhamisi, 9 Novemba

Alhamdulillahi, Mwanasaumu ameamka mzima. Mama yake ametoa viwili chini ya kitanda, akavipika kwa tui na iliki. Mtoto akala akacheka. Mimi nilipewa tui.

Jioni Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani ametangaza: kesho baada ya sala ya Ijumaa watu wote wakutane uwanja wa msikiti, iombwe dua mvua ikome. Kila nyumba ilete sadaka ya chakula cha kulisha watoto na wasiojiweza. Mwidani ameshasema ataleta mbaazi za nazi. Kila mtu anamsifu, na mbaazi zenyewe bado ziko guniani!

Nikakaa nikafikiri. Vya fukusi vimebaki tele. Kuuza haviuziki. Lakini sadaka nani atauliza bei? Mungu hulipa maradufu, na huyu mwenye mbaazi atashika adabu. Tatizo ni sura tu. Chungu changu kinataka uso.

Ijumaa, 10 Novemba

Asubuhi Mwanatatu alimpeleka mtoto kwa shangazi yake. Nikavuta kikapu cha chini ya kitanda.

Nimeazima. Kuazima si kugusa.

Nikaenda kwa Mwidani kuazima sufuria kubwa. Akanipa bila kuuliza, nikazidi kuudhika. Vibovu nikapanga chini, vizima juu, tui zito likafunika yote. Wallahi chakula kilipendeza! Nikakibeba mwenyewe mpaka uwanjani. Mwalimu akanisifu mbele ya watu, akasema tazameni, aliyepata hasara ya shamba ndiye aliyeleta kingi. Mwidani akanipa mkono. Nilitamani niishi humo humo ndani ya dakika ile.

Sasa, kwetu mwenye sadaka ndiye aanzaye tonge, watu wajue alichotoa anakila. Nalijua hilo tangu utotoni. Nikajiambia nitachukua cha juu, basi. Lakini Mwalimu ana mazoea ya pilau. Akachukua mwiko akageuza sufuria kutoka chini, ili kila mtu apate sawa.

Harufu ikatoka. Akina mama wakajifunika pua kwa kanga. Mwalimu akatazama mwiko, akanitazama mimi. Akasema taratibu kwamba Mungu hapewi kile ambacho mtu mwenyewe angekipokea kwa kufumba macho. Kisha akanipakulia, cha juu na cha chini pamoja, akaniambia bismillahi.

Nikala. Nilitafuna watu wote wakinitazama. Machozi yakanitoka. Nikasema ni utamu. Watoto wakaangua kicheko, na wazee nao wakashindwa kujizuia.

Chakula chote cha sufuria kikafukiwa nyuma ya msikiti, vibovu na vizima, kwa kuwa havikutengeka tena. Mwanatatu alikuwa upande wa wanawake. Alivitambua viazi vyake. Akatangulia nyumbani. Nilipofika nyumbani alikuwa amekwisha mfunga mtoto mgongoni. Nikamwambia mke wangu, subiri basi mvua ipungue. Akasema mvua ameizoea, mimi ndiye niliyemshinda. Akaondoka.

Mvua haikukoma. Sasa watu wanasema ni kwa sababu yangu.

Jumatatu, 13 Novemba

Nyumba kimya. Nimekula matembele matupu tangu juzi.

Mwidani amebisha hodi. Kaleta kapu la viazi vyake, vizima, vikavu. Na salamu kutoka Mtongwe: Jumapili shemeji atakuwa nyumbani. Niende na chakula cha mtoto mkononi, niombe radhi mbele yake, na Mwanatatu atarudi. Hataki kanga, hataki maneno, anataka kuona nimebeba chakula nikakifikisha. Mwidani akasema nile vichache, vingine niviweke mpaka Jumapili. Ni hilo tu.

Alipoondoka nililia. Sikujua kama nampenda Mwanatatu kiasi hiki. Nimechemsha viwili, nikavila na maganda yake.

Jumatano, 15 Novemba

Nimepata, na safari hii ni kweli!

Kuna mtu wa bara anaitwa Dishon, alikuwa mpagazi bandarini. Anarudi kwao na hawezi kusafiri na bata wake wawili. Bata! Mbona sikufikiri mapema? Bondeni kwangu maji tele! Mwaka wa mafuriko mwenye viazi analia, mwenye bata anacheka. Nikienda Mtongwe na viazi, vitaliwa mara moja vikaisha. Nikienda na mayai, wiki kwa wiki, shemeji atanipisha kiti.

Dishon ameapa wote ni majike. Nimempa kapu lote la viazi.

Mwidani aliona, akaja mbio mpaka uani. Akasema hawa wote wawili ni madume, nitazame manyoya ya mkia yalivyojipinda. Kisha akauliza Jumapili nitabeba nini. Nikamwambia wivu utamuua. Safari hii hakusema haya. Aligeuka tu akaenda zake.

Jumapili, 19 Novemba

Sikwenda Mtongwe. Ningeendaje mikono mitupu? Ni kuwatukana. Bata wakitaga tu, naondoka siku hiyo hiyo.

Mvua imekata tangu jana. Maji ya bondeni yanashuka. Bata wamekula matembele yangu yote.

Jumatatu, 20 Novemba

Shemeji amekuja mwenyewe. Hakutaka kukaa. Akasema jana walinisubiri mpaka baada ya alasiri. Mwanasaumu alivishwa gauni la Idi, akakaa mlangoni, kila apitaye akauliza kama ni baba. Walipomwingiza ndani alikuwa amelala papo hapo kizingitini.

Akasema dada yake hana tena la kuzungumza. Anataka talaka yake.

Nilimshika mkono shemeji. Nikamwomba sana, kwa haki ya Mungu, amwambie Mwanatatu asifanye haraka. Nikampeleka jikoni akaone kwa macho yake: bata mkubwa amekaa pembeni tangu asubuhi, hataki kuondoka. Nimeshamtandikia majani makavu ya kutagia.