Kanuni ya Kupanda Mnara wa Ghisolfi

Idara ya Minara ya mji wa Bologna ilipenda kuutangazia umma, kwa furaha isiyo kifani, kwamba Mnara wa Ghisolfi, uliojengwa na matajiri wa kale ili wawachungulie majirani, sasa ungepandwa rasmi na kwa utaratibu. Umma uliombwa usipande kabla ya viongozi. Uliombwa pia usiucheke mnara kwa sababu umeinama, kwani huko si kuinama, ni msimamo wa kihistoria.

Tangazo hilo liliandikwa na mkurugenzi wa idara, Dokta Loris Zanarini. Huko Bologna, aliyemaliza chuo kikuu huitwa Dokta hata kama anauza soksi, na Loris aliitwa hivyo tangu ujana. Kulikuwa na kasoro moja ndogo ya kiutawala: hakuwa amemaliza. Lilibaki somo la sheria za Kirumi, na kila alipokwenda kwenye mtihani Warumi walimshinda. Mama yake, Bi Norma, aliambiwa shahada iko chuoni, inatiwa fremu. Kazi nzuri haitaki haraka.

Sasa, kila mtoto wa Bologna anajua kwamba mwanafunzi akipanda mnara kabla ya kuhitimu, ndiyo basi tena, hatahitimu maisha. Loris, msomi, hakuamini upuuzi huo hata kidogo. Ila alikuwa na mtihani Alhamisi.

Ndipo akatoa Kanuni ya Kulinda Wasomi Watarajiwa: asiyehitimu asipande, kwa faida yake mwenyewe. Mkurugenzi naye, ilisema kanuni, angebaki chini siku ya ufunguzi kuratibu uthabiti wa mnara kwa upande wa ardhini.

Jumapili uwanja ulifurika. Walikuwepo wanafunzi, wahudumu wa mikahawa na aproni zao, na Meya aliyejivisha utepe wa rangi tatu za bendera. Mbele kabisa alisimama Bi Norma ndani ya koti la manyoya, jasho likimtiririka kwa fahari.

"Dokta, tangulia," alisema Meya.

"Mheshimiwa, mimi naratibu uthabiti."

"Mnara umesimama karne zote hizo bila kuratibiwa!" Bi Norma alidakia. "Panda, mwanangu, watu wakuone. Jamani, mpisheni Dokta wa sheria!"

Loris akapiga hesabu. Akipanda, Alhamisi imekwenda na maji. Asipopanda, mama atajua leo hii, mbele ya msusi wake na parokia nzima.

"Goti," alisema.

"Pole. Lipi?" aliuliza Meya.

"Yote."

"Dokta, unasubiri matokeo?" mwanafunzi mmoja alipaza sauti, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Loris alitapatapa, akashika alichokiona karibu. "Kiitifaki, wa kwanza ni Meya. Karibu, Dokta Meya."

Meya aliuchungulia ule mlango mdogo wa mawe, akaurekebisha utepe wake. "Kiongozi hawapi wananchi mgongo," alisema. "Nabaki nao. Diwani wa Elimu atapanda kwa niaba yangu."

Diwani wa Elimu alikuwa akipokea simu ambayo haikulia. Mkuu wa Utamaduni alikumbuka presha yake. Mmoja baada ya mwingine, waheshimiwa walirudi nyuma kwa nidhamu ya hali ya juu, mpaka mlango ukabaki peke yake.

"Samahani, tunaweza kupanda sisi?" aliuliza Ilaria, mhudumu, sinia kwapani. "Mimi nina shahada ya falsafa, huyu mwenzangu ya fizikia, na hawa wengine wote wamehitimu. Tuko mapumziko."

Kanuni iliwaruhusu. Wahudumu wote wakaingia, na koti la manyoya nyuma yao.

"Mama! Kanuni inasema asiyehitimu..."

"Mimi shule niliacha nikiwa mdogo, Loris. Mnara utaninyang'anya nini?"

Waheshimiwa walingoja chini, wakijadili hali ya hewa. Loris aliomba kimoyomoyo mama achoke njiani. Hakuchoka. Kichwa chake kilichomoza kule juu kabisa, kati ya aproni, na sauti yake ikashuka safi kabisa.

"Loris! Huku naona mpaka chuo kikuu! Hebu nionyeshe, mwanangu, hiyo fremu yako inachongwa jengo gani?" Akainama zaidi ukingoni. "Na ya Meya je, fundi ni huyohuyo?"