Lalamiko Kuhusu Rangi ya Kijivu Iliyopakwa Uwanda wa Alio

Kwa Afisa wa Mipango ya Matumizi ya Ardhi,
Ofisi yenye mlango wa kijani, nyuma ya ghala la mahindi.

Ndugu Afisa,

MINTARAFU: HIROLA AMBAO HAWAPO NA SHULE AMBAYO NI PORI

Assalamu aleykum. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, kwa sababu ni ndefu kidogo. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ya wasichana iliyo upande huu wa Masalani, ile ambayo ramani yako imeipaka kijani. Ningependa kuyasema haya mbele ya watu siku ya baraza, lakini waya wa kipaza sauti uliishia kwa wazee, na hata kama ungefika kwa akina mama, mimi ningempa jirani yangu. Kalamu hainitetemeshi sana.

Nimekisoma kitabu chako chote, kile cha "Tathmini ya Athari za Mpango wa Matumizi ya Ardhi kwa Makazi ya Wanyamapori Wanaolindwa". Kililetwa shuleni kama zawadi, nami nilikuwa nimeshamaliza vitabu vingine vya maktaba, pamoja na mwongozo wa jenereta. Nakipongeza kwa karatasi zake nzuri. Ila kwenye ramani ya ukurasa wa katikati, uwanda wa Alio umepakwa rangi ya kijivu, na ufunguo wa ramani unasema kijivu ni "ardhi isiyotumika, isiyo na wanyamapori, inayofaa kwa maegesho ya malori".

Ndugu Afisa, nyanya yangu Sharifo hulisha ng'ombe wake katika uwanda huo, na hirola hula pamoja nao. Kama hujabahatika kukutana na hirola, ni swala wa rangi ya mchanga, mwenye mistari myeupe machoni kama aliyevaa miwani, na duniani kote wamebaki wachache sana. Malori yakija, hirola watajua wenyewe pa kwenda, lakini nyanya itambidi auze ng'ombe ahamie mjini kwa shangazi, katika nyumba ya ghorofa ambako, kwa maneno yake, maziwa yanatoka kwenye karatasi na hakuna anayejua jina la ng'ombe. Umetupa hadi Ijumaa tulete malalamiko. Haya ndiyo yangu.

1. Kuhusu swali lililoulizwa. Kijana wako mwenye kishikwambi alimkuta mzee Abdullahi, mkubwa wa boma letu, ameketi nje. Akamuuliza ana watoto wangapi. Kisha ng'ombe wangapi. Kisha, bila hata kumeza mate, hirola wangapi. Sasa, kwetu mtu hatangazi hesabu ya mali yake kwa mgeni. Ukitangaza unaita jicho baya, na nyuma ya jicho baya wanakuja wakopaji. Mwenye ngamia mpaka upeo wa macho atakwambia, "Kidogo tu, Alhamdulillahi," na mwenye mbuzi mmoja kilema atakwambia hivyo hivyo, ndiyo maana tunaishi kwa amani. Ulimi wa mzee ulikuwa umeshika njia hiyo tangu swali la watoto. Ulipofika kwa hirola haukuona sababu ya kupinda kona. "Hirola? Hapa kitu hakuna, kijana wangu. Kidogo tu." Wakati huo hirola walikuwa wanakula nyuma ya gari lenu, na dume mmoja alikuwa ananusa gurudumu la akiba. Kishikwambi hakina kitufe cha "kidogo tu". Kijana akabonyeza sufuri, akashukuru, akanywa chai, akaondoka.

2. Kuhusu saa. Timu ilikwenda kuukagua uwanda wenyewe saa saba mchana. Saa saba mchana ng'ombe huwa mto Tana wanakunywa maji, hirola wamelala chini ya migunga, na watu wanaswali adhuhuri. Kitu pekee kilichokuwa kinatembea uwandani ni timu yenyewe. Taarifa inasema, "Hapakuonekana shughuli yoyote." Sibishi. Mimi pia niliwahi kuingia ofisini kwenu saa saba mchana na sikuona shughuli yoyote, lakini sikupendekeza pageuzwe maegesho ya malori.

3. Kuhusu shule yetu. Mwalimu Mkuu si mfugaji na hana woga wa hesabu. Alipoulizwa kuhusu wanyama alifurahi kama mtu aliyeulizwa kuhusu matokeo ya mtihani. Aliwataja ngiri wanaochimbua shimo la taka, nyani wanaoiba chapati dirishani, na makorongo wakubwa wanaosimama juu ya paa la choo wakitutazama kama wasimamizi wa mtihani wa taifa. Nasikia alimtaja hata paka wa mpishi, katika fungu la wanyama wala nyama. Ndipo tukapakwa kijani. Sisi ni makazi ya wanyamapori wanaolindwa, na kibao chenye picha ya hirola kimeshasimikwa langoni.

Matokeo yake ni kwamba kengele imefungwa soksi ili isiwashtue ngiri. Voliboli imesimamishwa kwa kuwa ni "kelele za ghafla". Mpishi ametakiwa apunguze moshi, naye akapunguza chakula. Nyani wamezielewa haki zao kabla ya sisi kuzielewa zetu. Juzi nyani mkubwa alikuja mezani kwa rafiki yangu Ruweyda, akachukua chapati yake, akaila pale pale huku akimkazia macho. Ruweyda alipopiga kelele, mwalimu wa zamu aliandika jina la Ruweyda.

Tena wasichana, baada ya kusoma kibao, wamekuwa wakimtafuta hirola shuleni na hawampati. Kwa kuwa mimi navaa miwani yenye fremu nyeupe, wamenichagua mimi. "Hirola! Leo nyasi zilikuwa na chumvi?" "Hirola, usikimbie, sisi ni watalii tu!" Lakini kama tathmini yako inahitaji hirola mmoja shuleni ili hesabu zikae sawa, niko tayari kusimama kiwanjani siku za ukaguzi, mradi isiwe wakati wa Kemia.

4. Kuhusu vitambulisho. Nimejiuliza kwa nini ushahidi wa hirola wenyewe haukuchukuliwa, na nikaona sababu ni moja: hawana vitambulisho. Hilo huku tunalielewa vizuri sana. Kwa hiyo naomba hirola wapigwe msasa kama tunavyopigwa sisi tunapoomba kitambulisho. Wazee wakae chini ya turubai, hirola aletwe mbele, aulizwe jina la baba, la babu, la baba wa babu, na kwa nini ameonekana akila nyasi karibu na mpaka. Akae kimya. Wengi wetu hukaa kimya hapo. Kaka yangu Nuh aliulizwa jina la chifu aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, akaambiwa arudi mwaka ujao akiwa amekumbuka. Sioni hirola akifanya vibaya kuliko Nuh.

Msasa huu una faida ambayo kitabu chako hakikuifikiria. Wazee wetu hawatakwambia hirola ni wangapi hata ukiwachemshia sufuria nzima ya chai. Lakini ukiwauliza huyu ni mtoto wa nani, watakusimulia mpaka magharibi: huyu mama yake ni yule wa pembe iliyopinda, na yule ni mtoto wa dada yake, na huyu wa tatu alizaliwa mwaka wa mafuriko na hana adabu. Wewe ungekuwa unakunja vidole taratibu chini ya meza. Hesabu ungeipata, na hakuna ambaye angekuwa ameitaja.

5. Kuhusu dawa ya yote haya. Siku ya baraza msaidizi wako alisema ramani haiwezi kubadilishwa kwa sababu imeshachapwa kwa rangi. Nimelifikiria neno hilo kwa heshima. Kama ramani haiwezi kubadilishwa, basi naomba tubadilishe ardhi.

Naomba hirola wahamishiwe shuleni, ambako kisheria tayari wapo, na wanafunzi tuhamishiwe uwandani, ambako kisheria hakuna kitu. Hirola wataingia Kidato cha Kwanza. Sare hawahitaji, miwani wanayo, na adhabu yetu ya kufyeka nyasi wao wataiita chakula cha mchana. Sisi tutasoma katikati ya malori. Ramani ya Kenya tutaisoma kwenye majina ya miji yaliyoandikwa ubavuni mwa lori la Elwak, Biashara tutaisoma kwa madereva, na lugha nyingine tutazisoma kwa matingo wanaopakia mizigo, ingawa hizo hazimo kwenye mtihani.

Liko tatizo moja dogo. Hirola hawakai mahali pasipo na ng'ombe. Hupenda nyasi fupi, na anayezifupisha ni ng'ombe. Hivyo ng'ombe wa nyanya nao itabidi wasajiliwe, nadhani kama wanafunzi wa kutwa. Na ng'ombe hao hawamsikii mtu isipokuwa nyanya, kwa hiyo yeye itabidi aajiriwe kuwa matroni. Na nyanya hakai mahali pasipo na majirani zake, na majirani zake hawaendi popote bila mzee Abdullahi, na mzee Abdullahi hatembei bila mbuzi wake, ambao ni kidogo tu. Nimechora yote haya kwenye karatasi na kuyapaka rangi. Ukitazama mchoro utaona kwamba mwishoni watu wote, mifugo yote na hirola wote wako shuleni, na wasichana wote wako uwandani na vitabu vyao. Ni mpango kamili, hauna hata kipande cha kijivu, na hautahitaji kuchapa ramani upya. Kitakachohitajika ni mtu mmoja wa kumweleza nyani mkubwa.

Ndugu Afisa, nimejitahidi kuandika bila hasira, na mahali nilipopandisha sauti ni kwa sababu wino ulikuwa unakwisha nikakandamiza kalamu. Nia yangu ni kwamba uandike ukweli: hirola wapo katika uwanda wa Alio, wanaonekana na kila mtu aliye macho, na mahali wanapoishi panastahili kupakwa kijani kama sheria yako inavyosema. Ukilitenda hilo, malori yatatafuta pengine pa kulala na nyanya atabaki na ng'ombe wake.

Nisalimie wote hapo ofisini: kijana wa kishikwambi, ambaye nyanya anasema ni mwembamba na arudi anywe maziwa, dereva wenu, aliyemwambia mzee Abdullahi "kwaheri ya kuonana" na sasa mzee anamsubiri, mlinzi wa mlango wa kijani, na yeyote anayekuwepo saa saba mchana.

Ni mimi, ninayengoja jibu lako kwa adabu zote na kwa miwani iliyofutwa,

Fowsiya Dagane,
Kidato cha Tatu, ndani ya makazi ya wanyamapori.

Nyongeza: Kabla ya kuifunga bahasha nilimsomea nyanya barua hii, nikimfasiria Kisomali. Alicheka sana pale pa umatroni. Halafu akauliza, "Huyo bwana akikuamini, ataufanya nini uwanda?" Nikakifungua kitabu chako kwenye masharti ya maeneo ya kijani, yale yenye maandishi madogo niliyokuwa nimeyapita haraka, na ambayo shuleni hakuna aliyeyaelewa isipokuwa nyani. Yanasema: patawekwa ua wa waya, patawekwa lango, na "mifugo haitaruhusiwa kabisa".

Nyanya akasema, "Ukiwa kijivu, ng'ombe wangu wanatoka. Ukiwa kijani, ng'ombe wangu wanatoka. Sasa wewe msomi, nionyeshe rangi yangu." Nilitafuta kwenye ufunguo wote wa ramani, hata kwa zile rangi za visima na makaburi. Rangi ya mahali ambapo ng'ombe na hirola wanakula pamoja haipo. Na ng'ombe wakitolewa nyasi zitarefuka, na hirola watauacha uwanda wakiwa wamelindwa kikamilifu.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote kuanzia la kwanza hadi la tano. Katika uwanda wa Alio hakuna hirola. Nilichanganya na mbuzi.

Lakini sitaki pia ubaki na kijivu chako, ndiyo maana bado naituma barua. Binamu yangu Siyad aliiweka hati ya kiwanja chake juu ya meza yako, ikagongwa muhuri mbele ya macho yake, na tangu siku hiyo hakuna binadamu aliyeiona, ingawa chumba kina kabati moja tu. Nyanya na mimi tumelizungumza jambo hilo kwa muda mrefu, na tumeona kwamba ofisi yako ina uwezo mkubwa ambao hausifiwi inavyostahili. Tafadhali ipokee barua hii, igonge muhuri, ikunje pamoja na ramani, kisha uviweke vyote pale pale ilipo hati ya Siyad.