Siku Mia za Mlima na Sukari Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Nimezaliwa upya! Daktari Byeon kasema kipimo changu cha sukari cha miezi mitatu kimefika 8.6, na kisiposhuka kufikia Juni naanza kujichoma sindano. Mimi, Pyo Man-sik, niliyesimamia mashine za kufuma miaka thelathini na miwili hapa Daegu, nikiona sindano ya kushonea vifungo tu naishiwa nguvu. Basi nimejiunga na Klabu ya Siku Mia. Unapanda mlima ulio nyuma ya mtaa wetu kila siku, siku mia mfululizo, na kuandika jina katika daftari lililo kwenye kibanda cha chemchemi kule juu. Rahisi! Nimeshanunua viatu, fimbo mbili, kofia na miwani ya jua. Mke wangu Ok-bun kauliza miwani ya jua ni ya nini alfajiri. Hajui mambo ya michezo.

Jumanne, 5 Machi

Nimepanda! Dakika hamsini na moja, nikihesabu na kukaa juu ya jiwe. Njiani nimekutana na Tak wa ghorofa ya juu yetu. Yeye yuko siku ya mia sita na kitu. Alikuwa anashuka, akipiga mluzi. Kaniambia nisiwe na haraka, mlima hauendi popote. Nitamshinda huyu.

Jumatano, 6 Machi

Miguu! Ngazi za nyumbani nashuka kinyumenyume. Hata hivyo nimefika. Na kule kibandani nimegundua jambo: Mama Gil, mwenyekiti wa klabu, ameshaandika tarehe kwenye kurasa zote hadi mwisho wa mwezi. Hapakuwa na mtu. Dhamiri ilinisumbua, ila si kwa muda mrefu. Nimeandika jina langu la kesho, Ijumaa na Jumamosi, na maoni mafupi pembeni. Huu si udanganyifu. Kiwandani tuliita ratiba.

Alhamisi, 7 Machi

Ok-bun huondoka mapema kwenda sokoni kuuza kimchi, kabichi yake ya kuchachusha. Nimelala hadi saa tatu. Raha! Tak kaja kugonga, uso umemvimba. Kafika kibandani kabla ya watu wote, kakuta jina langu limemtangulia. Anataka kujua naamka saa ngapi. Nikamjibu kwamba kwa umri wetu usingizi ni anasa. Kaapa kesho atawahi zaidi. Nimeongeza bakuli la pili la wali kumpongeza.

Ijumaa, 8 Machi

Nimelala tena. Jioni Ok-bun kashangaa viatu vyangu havina hata vumbi. Nimesema natembea kwa wepesi. Alipoingia jikoni nimevipaka udongo wa chungu alichopandia pilipili. Mambo yanakwenda vizuri mno.

Jumamosi, 9 Machi

Msiba. Tak na Mama Gil wamekuja na daftari. Kumbe jana mlima ulifungwa kutwa nzima, upepo mkavu, hatari ya moto. Utepe njiani, walinzi langoni. Tak mwenyewe alirudishwa. Ukurasa wa Ijumaa una jina moja tu. Akasoma maoni yangu kwa sauti, polepole, mbele ya mke wangu: “Njia shwari. Nimekutana na watu wengi wachangamfu.”

Nikasema huenda nilipitia upande wa pili. Mama Gil akasema upande wa pili ni genge la mwamba mtupu.

Ok-bun aliwasindikiza hadi mlangoni. Kisha akakaa karibu yangu.

“Kaka yangu naye alianza kwa kuficha hivi hivi,” akasema. “Wakaishia kumkata mguu. Baba Yeon-ju, mimi jina lako daftarini la nini? Nakutaka wewe.”

Kesho naanza upya, siku ya kwanza.

Jumapili, 10 Machi

Adhabu ya klabu: kila siku Tak aweke sahihi pembeni ya jina langu. Alfajiri nimefumbua macho, yuko juu ya kichwa changu na fimbo zangu mkononi. Ok-bun ndiye aliyemfungulia. Nimezungukwa.

Jumanne, 16 Aprili

Siku ya thelathini na nane! Nimejaribu kusingizia mafua, Tak kaleta tangawizi. Nimejifungia bafuni, kakaa nje ya mlango akipiga mluzi hadi nikatoka mwenyewe. Leo dakika thelathini na tatu, na sikukaa juu ya jiwe. Tulipokuwa tunakunywa maji ya chemchemi kaniambia alianza kupanda mkewe alipofariki, kwa sababu nyumba asubuhi ilikuwa kimya sana. Sikujua. Wakati wa kushuka nimemwachia atangulie. Kumpita nisingeweza kwa vyovyote, lakini nimemwachia.

Jumatano, 5 Juni

6.9! Hakuna sindano! Ok-bun kalia palepale kliniki, na Tak, aliyetusindikiza, kanikumbatia mbele ya wauguzi. Daktari Byeon kasema dawa ni hiyo hiyo: kidogo, kila siku, miaka yote.

Njiani kurudi nimefikiri. Kupanda mara moja kwa siku kumenipa haya yote. Basi nikipanda mara tatu kwa siku, kazi ya mwaka mzima itakwisha kabla ya Oktoba, kisha napumzika hadi majira ya machipuko na chapati za vitunguu na pombe ya mchele. Hesabu iko wazi! Nimechora na jedwali. Ok-bun kalitazama, kisha kaanza kutafuta namba ya simu ya daktari.

Mpango utaanza Jumatatu, maana lazima miguu ipumzike kwanza. Nimemwambia Tak asigonge hadi siku hiyo. Kauliza, kwa upole, kwa nini nivunje mfululizo siku ya themanini na nane, zikiwa zimebaki kumi na mbili tu. Maskini, hajaelewa. Kwa mwendo wangu mpya, kumi na mbili ni kazi ya siku nne.