Maswali Matano ya Daktari wa TV

Jumapili, 5 Julai 1992
Watu kumi na saba nyumbani kwangu! Nimewahesabu mara mbili. Zombe nzima TV ni mbili: yangu, aliyoniletea mwanangu Muli pamoja na betri ya gari, na ile ya rangi ya Muthama hotelini, ambayo jenereta yake inakunywa petroli kama mlevi. Wasichana wa sekondari huja kwangu. Mlingoti wa eria ya TV niliusimamisha mwenyewe, na miaka yangu sabini na miwili!

Saa kumi ukaanza mchezo wao wa vijana. Msichana amefiwa na mama, hali chakula, haendi shule. Nikasema huo ni uvivu, apewe jembe. Wakaniambia nyamaza, umau. Babu wao, kwa nyumba yake mwenyewe! Halafu msichana akamwambia mwalimu anataka kufa, na rafiki yake akasema ana mimba. Asi! Na Mumbua, mke wa Muli, ameketi hapo hapo, amekuja kunisalimia kutoka Kibwezi! Maneno kama hayo mkwe na baba mkwe hawayasikii pamoja. Alitazama mlango, lakini mimi ndiye nimeuziba na kiti. Nikarusha blanketi la marehemu mke wangu Syombua juu ya TV. Wasichana walipiga kelele kama kuku. Lakini heshima ya ukoo nimeiokoa.

Jumatatu, 6 Julai
Mumbua amerudi kwake. Aliniuliza, macho chini, kama nakula. Nikamwambia zamani nilibeba gunia la mahindi kutoka hapa mpaka mtoni bila kupumzika. Akasema hilo si jibu. Alimaliza chai yake. Ya Syombua imepoa kwa kikombe chake, kama kila asubuhi.

Jumapili, 12 Julai
Hakuna mtu. Hata mmoja! Wote kwa Muthama. Kanisani alitangaza kwamba TV yake haisikii baridi, haihitaji blanketi. Watu wakacheka. Wazee wa kanisa pia.

Nimetazama peke yangu, nihesabu makosa ya mchezo. Daktari alimuuliza yule msichana maswali matano. Nikajibu na mimi, maana nani mwingine angejibu?

Unalala? Nalala kwa kiti. Kitandani siendi tangu Syombua azikwe, mwaka mmoja na miezi minne. Kitanda ni kikubwa mno. Unakula? Ugali wa jana, nusu. Unaongea na aliyekufa? Kila siku, na siku hizi hanipingi. Umeweka vitu vyake? Kikombe, blanketi, patipati zake mlangoni. Kuna siku unaona afadhali usiamke?

Ng'ombe akalia nje. Nikasema ndiyo.

Tano kwa tano! Msichana amepata nne tu! Na mimi niliacha shule darasa la pili. Daktari akaanza kusema anayepata zote tano afanyiwe nini, betri ikafa. Zawadi yangu sikuisikia.

Jumanne, 14 Julai
Nimekutana na Ndinda, binti wa jirani, yuko kidato cha tatu. Nikampa habari ya ushindi wangu. Akaniuliza, hata lile la tano, umau? Nikamwambia hilo ndilo nililijibu vizuri zaidi. Akatua mtungi wa maji chini. Hakucheka. Wivu wa wasomi!

Jioni kaleta muthokoi ya moto kutoka kwa mama yake, akasimama mpaka nikamaliza sahani. Anataka kiti cha mbele Jumapili. Mimi namjua.

Alhamisi, 16 Julai
Muthama mwenyewe amekuja! Na maziwa! Amekaa asubuhi nzima bila kutaja TV hata kidogo. Mpelelezi. Wakati wa kuondoka akaomba kamba yangu ya kufungia ng'ombe. Muthama ana kamba sita! Nimempa, ajue nani tajiri.

Jumapili, 19 Julai
Betri bado imekufa, na kinu cha unga wanakochaji ni mbali. Nikapanga ujanja: nikafunika TV na blanketi, nikasema imepata moto, ipumzike.

Watu ishirini na wawili! Muthama pia, amezima jenereta kabisa. Hakuna aliyeuliza habari ya mchezo. Wakaanza kusimulia Syombua alivyonifukuza na mwiko mbele ya chifu. Uongo! Ulikuwa ufagio. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Ndinda akakalia kigoda cha Syombua, akanywa kwa kikombe chake. Nilifungua mdomo nimfukuze. Nikamwongeza chai.

Walipoondoka walisikilizana: kesho Ndinda, keshokutwa mama yake, Jumatano Muthama. Wanapanga foleni!

Akili zangu zinanitisha. TV yangu imekufa, imevaa blanketi, na bado imeshinda ya rangi. Betri sichaji tena.