Mshiriki Namba 23 Anadai Jina Lake

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Jumatatu asubuhi

Kwa Mama Daktari Mkuu wa Utafiti wa Upweke wa Wazee,
Ofisi ya ghorofani, Old Town, Lilongwe

Mama Daktari mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima yote niliyo nayo, na ikipungua Mungu ataongeza. Mi ni Étienne Mugisho, mtu wa Bukavu, mjane wa miaka sabini na mbili. Shuleni nilifika darasa la tano. La sita liliendelea bila mi. Ukikuta kosa humu, ni la serikali ya wakati ule.

Mwezi wa tatu mlimtuma kwangu Mademoiselle Fortunée na simu ya kurekodi. Aliniuliza maswali arobaini na moja juu ya upweke, nikamjibu yote, mengine mara mbili juu alikuwa na subira. Akasema jina langu halitaandikwa popote, nitaitwa Mshiriki Namba 23. Nikatia kidole kwenye karatasi yenu. Hapo njo taabu yangu ilianzia, na naipanga kwa namba kama ninyi mnavyopenda.

1. Mwezi uliopita mlikuja kanisani kutusomea matokeo. Mkasoma kwamba Mshiriki Namba 23 alisema: "Asubuhi nasalimia sufuria, juu njo kitu pekee nyumbani kinachonijibu, kikichemka." Watu walicheka, halafu wakalia. Mama Annuarite, fundi wa kushona, jirani yangu, alifuta machozi na kitambaa cha mteja. Maneno hayo ni yangu, Mama Daktari. Nikaanza kusimama, lakini goti langu la kushoto linataka kupewa taarifa mapema. Kabla sijafika juu, mzee mwenzangu Wilondja alikuwa amekwisha kusimama, ameinamisha kichwa kama mtu anayepigwa picha, anasema, "Inatosha, ndugu zangu, musinililie."

2. Tangu siku hiyo Mama Annuarite anampelekea Wilondja sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, kila Jumapili. Inapita mbele ya mlango wangu ikiwa imefunikwa, na harufu haikufunikwa. Nilimwambia, "Mama, namba 23 ni mi." Akanijibu, "Papa Étienne, hata wewe? Muache ule muzee na huzuni yake." Nikamtafuta Fortunée anishuhudie. Akasema utafiti una siri, na hata akijua, hajui.

3. Wilondja na upweke wapi na wapi? Anaishi na wajukuu saba, wakwe wawili na kuku. Hata chooni kwake anapanga foleni. Kama mlimhesabu kwenye ile asilimia sitini na nne ya wazee wapweke mliyotusomea, asilimia hiyo imevimba, ipelekwe hospitali.

4. Juu ya siri yenyewe. Nilikubali nikidhani itafunika aibu zangu. Hakuna aliyenieleza kwamba itafunika na akili. Mtu akisema upuuzi, mficheni. Akisema neno la kuliza kanisa zima, andikeni jina lake, jina la baba yake, mlango anaokaa na saa anazopatikana.

5. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mchague moja. Ama mlete ile sauti yangu muipige kwa spika sokoni, watu waisikie na kikohozi chake. Ama mnipe cheti chenye mhuri, usiwe mdogo. Ama, kama sayansi inataka ushahidi, fanyeni utafiti mpya: mi chumba kimoja, Wilondja chumba kingine, mmoja apewe sufuria na mwingine asipewe, kwa kura, kama mnavyofanya na dawa. Kisha msikilize nani anaongea. Kwa usawa wa kisayansi, atakayenyimwa sufuria awe Wilondja. Kura hiyo naweza kuwasaidia kuiendesha.

6. Nisipojibiwa, naondoa majibu yangu yote arobaini na moja. Fortunée alinisomea kwamba ni haki yangu, muda wowote, bila kutoa sababu. Mtabaki na wazee pungufu, hesabu itayumba, na mtakuja mbio Dzaleka kunibembeleza. Mtanikuta. Niko nyumbani kila siku, njo ugonjwa mliokuja kuupima.

Msalimie Fortunée, na dereva wenu aliyemaliza mahindi yangu, na wazee wote wa mitaa ya Kawale na Mchesi mliowauliza maswali hayohayo. Zikomo kwa kunisoma mpaka hapa.

Wako katika sayansi,
Étienne Mugisho
(Mshiriki Namba 23, yule wa kweli)

N.B. Barua hii imekaa wiki nzima ikingoja mtu wa kabaza, baiskeli ya abiria, mwenye safari ya kwenda kituo cha basi, na katika wiki hiyo Fortunée ameleta kitabu kizima cha matokeo. Mama Annuarite amekisoma mpaka ukurasa wa thelathini na mmoja. Pale Mshiriki Namba 23, alipoulizwa juu ya chakula na majirani, amesema kuna jirani mshonaji ambaye sombe yake ingefaa kuziba paa linalovuja.

Mama alikwenda kwa Wilondja na mkasi. Wilondja akaapa mbele ya wajukuu wote saba kwamba hajawahi kuwa namba yoyote. Msimwamini. Namba 23 ni yeye, nilimwona akitia kidole. Mama akanigeukia: "Si ulisema ni wewe?" Nikamkumbusha kwamba alikataa mwenyewe, na kwamba maneno yangu yalikuwa wivu tu wa uzee. Kwa hiyo, Mama Daktari, siri ya utafiti ni kitu kitakatifu, cheti sikitaki, na ile sauti ichomeni na kikohozi chake.

Sahani ya Jumapili imehamia kwangu. Mama Annuarite amekaa hapa kwenye kiti, anangoja nimalize, anadhani naandikia ndugu. Sombe ni ileile. Nimeomba aniongeze.